Kola ya Dumu la Sabuni

Kola hii nimeikata mwenyewe, kwa mkasi wa kushonea,
kutoka ubavuni mwa dumu la sabuni ya maji.
Ile ya dukani ni bei ya chakula cha wiki mbili,
na kanisa lililonituma hulipa karo kwa mafungu;
harambee ikichelewa, nami nachelewa.
Nikitokwa na jasho inanuka ndimu.
Chepng'eno, mwenzangu wa chumba, hunichokoza:
"Mtumishi, leo umeoshwa dhambi au umeoshwa vyombo?"

Mwaka wa tatu sasa hapa Lang'ata.
Kigiriki nimekisoma kama mtu anayechambua mchele gizani,
punje, jiwe, punje, jiwe.
Kuna kitenzi kimoja kilichonishika.
Bwana aliuona umati akauhurumia, ndivyo tusomavyo,
lakini neno lenyewe, alisema Kasisi Mbijiwe,
limetoka tumboni, kwenye matumbo hasa.
Darasa liliguna. Mimi sikushangaa.
Nyanya yangu kule Mbooni hakusoma hata darasa moja,
ila akiletewa habari ya msiba
alishika tumbo kwanza,
ndipo akatafuta leso.

Muhula huu nimepangiwa Pumwani,
mazoezi ya huduma, kila Jumanne, saa tatu hadi saa saba.
Napitia Gikomba, penye viatu vya mtumba
vilivyopangwa jozi jozi juu ya gunia,
vimepigwa rangi, vimesahau vilikotembea.
Nesi Kwamboka hana wakati wa salamu ndefu.
"Mchungaji, kitanda cha kumi na nne. Ongea naye."
Ongea naye! Kama vile maneno ni dripu.

Kitanda cha kumi na nne alikuwa Nasambu,
umri wa kitinda mimba wetu.
Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha gauni
na hakukuwa na wa kuyanyonya.
Mwili ulikuwa haujaambiwa.
Akaniuliza, wala si kwa hasira,
kama anayeuliza duka hufungwa saa ngapi:
"Mungu alikuwa anamtakia nini?
Yeye si ana wengi?"

Nilikuwa na majibu manne. Kweli, manne,
niliyaandika kwenye mtihani wa Novemba
pamoja na majina ya walioyasema, na karne zao,
nikapata sabini na mbili.
Nikayapekua moja baada ya jingine
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni
mbele ya mlango usio wake.

Ndipo akataka kutapika.

Nikashika beseni.
Mkono wa pili nikaushikilia paji lake la uso,
lilikuwa moto, likitetemeka kama sufuria karibu ichemke.
Alipomaliza akasema, "Unanuka ndimu."
"Ni kola," nikasema.
Akaitazama muda mrefu.
"Ni ya dumu?"
"Ni ya dumu."
Hakucheka. Lakini kuna kitu kililegea mabegani mwake,
akageukia ukutani, akalala.

Fomu ya ripoti ina safu mbili:
Alichosema mgonjwa. Alichosema mhudumu.
Safu yangu ilikuwa na sentensi mbili tu,
ya kola, na ya dumu.
Kasisi Mbijiwe aliirudisha kwa wino mwekundu:
"Teolojia iko wapi?"
Ni swali la haki. Si mtu mbaya;
yeye mwenyewe, nasikia, alimzika mwanawe
akahubiri siku hiyo hiyo, hakuna anayekumbuka alihubiri nini.

Desemba nitasimama mbele ya baraza,
wataniuliza kama nina hakika nimeitwa,
nami nitasema ndiyo, kwa sauti ya kufika nyuma.
Ila usiku huu nimeisugua kola kwenye karai
na harufu haitoki.
Anataka ukurasa mmoja zaidi kufikia Ijumaa.
Chepng'eno amelala, taa imebaki yangu peke yangu.
Nimeandika: Beseni lilikuwa la buluu, lenye ufa ukingoni.
Nimekwama hapo.